Mchezaji wa Ridhaa

Machi 4, Jumanne

Nimeanza kazi kwa Mjomba. Shule imekwisha, matokeo bado, na Mama amesema hataki kuniona nimekaa nyumbani nikihesabu mabati.

Mjomba ni kinyozi. Saluni yake ni chumba kimoja kirefu chenye viti viwili vya kunyolea, kioo chenye ufa pembeni, redio, na benchi la ukutani. "Benchi hilo halijawahi kuniletea hata unywele mmoja," ameniambia. Wanaokaa pale wamekuja kubishana mpira.

Mimi nafagia nywele, nafua taulo na kuandika majina ya wanaosubiri zamu. Mjomba alinitambulisha: "Huyu ni mpwa wangu, mdogo wake Kiberiti." Wote wakageuka wakanitazama. Nikafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Kiberiti ni kaka yangu. Ni mfupi na mwembamba, na kichwa chake kikubwa kuliko mwili, ndiyo asili ya jina. Yuko mwaka wa pili chuoni. Ni winga wa kulia wa timu ya chuo, na halipi ada maadamu anacheza.

Mvua za msimu zimeanza.

Machi 6, Alhamisi

Benchi lina watu wawili wa kudumu. Mmoja ni Fundi Saa, ambaye kibanda chake kiko mlango wa pili. Huja na lenzi yake ya jicho moja imepandishwa kwenye paji la uso, kama ana jicho la tatu. Mwingine ni Mwalimu, aliyestaafu lakini bado anavaa tai. Leo walipanga vitana na chupa ya spiriti kwenye benchi ili kuonyesha bao la juzi lilikataliwa kwa nini.

"Ameotea," alisema Mwalimu. "Chupa imempita kitana."

"Imempita kwa kiasi gani? Kidole cha mguu tu!"

"Kidole si mwili?"

"Basi na kucha?"

"Kucha pia ni mwili."

"Kucha si mwili, Mwalimu. Ingekuwa mwili ungelia ukikatwa."

"Mwacheni Mwalimu," alisema Mjomba. "Kama ndivyo, mimi nimekuwa nakata miili ya watu tangu asubuhi na serikali haijanikamata."

Nilicheka nikiwa nimegeukia ukuta. Fundi Saa nampenda. Mwalimu ananiogopesha.

Machi 9, Jumapili

Kaka alikuja kwa siku moja na karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka timu ya kiwanda. Wanamtaka, wanatoa mshahara na matibabu, ila itabidi aache chuo. Ya pili ni ya chuo, fomu mpya ya msimu huu ambayo mchezaji anasaini na mzazi anasaini. Alisema atafanya atakavyoamua Mama. Akaenda kukata tiketi ya basi, akatuachia zote mbili mezani kati ya mkasi wa Mama na sare za watu.

Mama ni mshonaji. Kusoma anajua, lakini sentensi ndefu zinamchosha. "Nisomee," alisema. "Wewe ndiye msomi niliyebaki naye."

Nikasoma: "Nakubali kuwa mchezaji wa ridhaa wa chuo, pamoja na masharti yote yawahusuyo wachezaji wa ridhaa."

"Ridhaa ndiyo nini hapo?"

Nilifurahi, maana nililijua neno. "Ni kukubali, Mama. Unakumbuka fomu ya ridhaa uliyosaini hospitali, Bibi alipopasuliwa?"

"Ile ya kuwaruhusu madaktari?"

"Hiyo hiyo."

Mama alichomeka sindano kwenye kola yake akafikiri. "Kwa hiyo wanachukua ruhusa yetu mapema, ili akiumia wamtibu bila kutungoja."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa shida iko wapi? Kule anatibiwa lakini hasomi. Huku anatibiwa na anasoma." Akaandika jina lake herufi moja moja, kama anayetunga shanga.

Kaka aliporudi aliitazama ile sahihi. "Mmeisoma vizuri?"

"Amesoma mdogo wako."

"Basi imesomwa," akasema, akanigonga begani kwa ngumi ya utani. Akasaini akiwa amesimama.

Machi 10, Jumatatu

Mvua. Taulo hazikauki.

Machi 15, Jumamosi

Chuo kimeshinda mbili bila. Yote mawili ya Kaka. Fundi Saa aliegemeza simu yake kwenye kioo, watu wakajaa mpaka mlangoni. "Kiberiti kawaka!" Mzee mmoja alikimbia nje kushangilia, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

Machi 20, Alhamisi



Redio ilitaja mshahara wa mchezaji mmoja wa ng'ambo. Mjomba alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja. "Kwa wiki? Umesikia vizuri, kwa wiki? Mimi hata ninyoe mpaka dunia yote iwe na upara sifiki huko."

"Sawa, huyo analipwa," alisema Fundi Saa. "Kiberiti je? Uwanja unajaa kwa ajili yake. Chuo kinauza tiketi, kinauza fulana zenye namba yake. Yeye anapata nini?"

"Anapata elimu," Mwalimu akajibu.

"Anaisoma saa ngapi, na mazoezi ni asubuhi na jioni?"

"Bwana Fundi, yule ni mwanafunzi. Siku ukimlipa, humfundishi tena, umemwajiri. Na msimu huu chuo kimeweka wazi, kimewasainisha wote kuwa ni wachezaji wa ridhaa."

"Ndiyo kusema?"

"Ndiyo kusema kama ngumi za ridhaa. Hakuna mshahara, hakuna posho, hakuna fidia. Ukiumia, umeumia mwenyewe, maana ulicheza kwa mapenzi yako."

"Ngumi za ridhaa!" Mjomba alicheka. "Unapigwa bure halafu unashukuru."

Mfagio ulinitoka mkononi. Nikauokota, nikasogea mbele ya Mwalimu. Nilitaka kumuuliza kama ana hakika, nikafungua mdomo. Mwalimu akainua miguu yote miwili, akidhani nataka kufagia chini yake. Nikafagia.

Machi 21, Ijumaa

Nimetoa kamusi yangu ya shule sandukuni. Neno lina maana mbili. Ya kwanza ndiyo niliyomsomea Mama. Ya pili, ya michezo, iko mstari wa chini yake: isiyo na malipo. Miaka yote ile ya shule, nikaishia mstari mmoja juu.

Machi 22, Jumamosi

Wameshinda. Mimi nilikuwa naomba Kaka asipewe mpira.

Machi 24, Jumatatu

Nilimuuliza Mjomba, kama vile sijali, kuhusu timu ya kiwanda. Amesema wameshasajili winga mwingine na dirisha la usajili limefungwa.

Kwa hiyo nikimwambia Mama sasa nitampa hofu isiyo na dawa. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Nikiisoma sentensi hiyo mara ya pili naona ni ya mtu mwoga.

Machi 29, Jumamosi

Wametoka sare. Mvua kubwa. Kaka alianguka mara tatu, akainuka mara tatu.

Aprili 5, Jumamosi

Tumeingia nusu fainali. Nimeandika "tumeingia." Benchi limeniambukiza.

Aprili 12, Jumamosi

Nusu fainali. Ilikuwa dakika ya sabini na nane. Kaka alipokea mpira upande wa kulia, akampita beki wa kwanza, akakata kwenda ndani. Beki wa pili alikuja akiteleza kwenye tope, miguu yote miwili mbele. Sikusikia kitu, simu ilikuwa na sauti ndogo. Niliona goti likienda upande ambao goti haliendi.

"Penalti!" Fundi Saa alipanda juu ya benchi na viatu vyake.

"Nje ya boksi!" alisema Mwalimu.

"Nje ya boksi nini? Vaa miwani uone!"

"Wewe mwenye macho matatu ndiye huoni! Nje, nakuambia. Na refa ameweka nje, tazama."

Refa aliupeleka mpira nje ya boksi kweli. Kaka alikuwa bado chini, lakini kamera haikuwa kwake tena. Ilikuwa kwenye mpira. Walipiga ile faulo, ikaingia, watu wakakumbatiana, mmoja akanikumbatia na mimi. Mjomba peke yake hakuruka. Alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Nenda nyumbani kwa mama yako," alisema.

Njia nzima nilitafuta namna ya kumwambia. Nilipofika alikuwa anashona na ameshasikia kwa jirani. "Usihofu," akaniambia yeye mimi. "Watamtibu. Tulisaini."

Aprili 14, Jumatatu

Kaka amepiga simu kutoka bwenini. Walimpa barafu na bandeji. Goti limekuwa kubwa kama kichwa cha mtoto. Nesi wa chuo amemwambia aende hospitali kubwa, na familia yake ijiandae.

"Familia ijiandae na nini?" Mama alisema. "Simu yako inakatika, mwanangu. Alhamisi tunakuja."

Saluni wameirudisha ile video ya simu mara kumi na tisa. Nilihesabu kwa sababu sikuweza kuacha kuhesabu. Wanaisimamisha palepale mguu unapogongwa, halafu Fundi Saa anateremsha lenzi yake jichoni na kusogeza uso mpaka karibu aguse kioo cha simu. Anatafuta mstari wa boksi.

Aprili 17, Alhamisi

Tumetoka chuoni. Nataka kuandika yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Ofisa michezo ni kijana mpole. Alimpa Mama kiti kizuri, akamwita "Mama" kila sentensi, akatoa fomu yetu kwenye faili. "Tunasikitika sana, Mama. Ni mchezaji wetu bora. Ila matibabu ya nje ni juu ya familia."

"Mwanangu, sisi tulisaini ridhaa."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana."

"Hatuelewani. Ridhaa ndiyo ruhusa ya kumtibu."

Kijana alitabasamu, bila ubaya. "Hapana, Mama. Hapa maana yake anacheza bila malipo wala madai."

"Nani kakwambia?"

"Ndicho Kiswahili chenyewe."

"Kiswahili unanifundisha wewe? Binti yangu huyu kamaliza shule, na Kiswahili alikuwa wa kwanza darasa zima. Alinisomea mwenyewe." Akanigeukia. Uso wake ulikuwa na fahari, na hilo ndilo siwezi kulisahau. "Mwambie. Usione haya. Mwambie maana yake."



"Lina maana mbili, Mama," nilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Nakuuliza wewe umejua tangu lini."

"Mwezi uliopita."

Mama aliitazama fomu, akaitazama ile sahihi yake ya herufi moja moja, akafunga mkoba. "Tumekuelewa, mwanangu," alimwambia ofisa. "Asante kwa kiti."

Kwenye ujia kuna picha ya Kaka iliyojaza ukuta, amenyoosha mikono, anashangilia, na chini yake wameandika: NJOO USOME NASI. Mama alisimama akaitazama muda mrefu. Nilianza kulia.

"Nyamaza," alisema. "Aliyeandika jina ni mimi." Tulipofika nyumbani akaniuliza tu kama kuna maji ya kupikia.

Angenipiga ningepumua.

Aprili 19, Jumamosi

Daktari wa hospitali kubwa amemwona. Kuna kitu kimekatika ndani ya goti. Lazima apasuliwe, na isipite wiki tatu. Kiasi walichotaja, Mama alimwomba karani akitaje tena, akidhani hakusikia.

Ameanza kushona mpaka siku za mapumziko. Mjomba amekopa alikoweza.

Aprili 24, Alhamisi

Mjomba aliweka kopo tupu la poda mbele ya kioo. "Jamani, Kiberiti ametufurahisha miezi yote hii. Tumchangie goti."

"Haki kabisa!" alisema Fundi Saa. "Mimi siku zote nasema huyu kijana alipwe." Nikamwona anaingiza mkono mfukoni. Moyo wangu ulinyanyuka.

"Ngojeni kwanza," alisema Mwalimu. "Mchezaji wa ridhaa haruhusiwi kupokea fedha kutoka kwa mashabiki. Ni kanuni. Timu pinzani wakijua, wanakata rufaa, tunapokwa ushindi wa nusu fainali."

Mkono wa Fundi Saa ulibaki mfukoni. "Kweli?"

"Kifungu kipo."

"Lakini hiyo si malipo, ni msaada!" mmoja akasema mlangoni.

"Msaada ukipewa kwa sababu ya mpira ni malipo."

"Na ukipewa kwa sababu ya goti?"

"Goti limeumia kwenye nini? Kwenye karata?"

Walibishana mpaka saa sita. Hoja zilikuwa nzuri. Nasema kweli, zilikuwa nzuri, za pande zote mbili, na ningekuwa mtu mwingine ningefurahia. Mwisho walikubaliana mchango usubiri hadi baada ya fainali, kwa usalama wa timu. Fundi Saa ndiye aliyetoa wazo hilo. Mkono ulitoka mfukoni na leso, akafuta lenzi.

Mjomba alisema, "Punda afe, mzigo ufike, siyo?" Wakacheka, wakadhani ni utani.

Aprili 25, Ijumaa

Mvua. Kopo lina pesa za Mjomba peke yake.

Aprili 27, Jumapili

Mwalimu amekuja nyumbani, na tai yake, amelowa. Nilimfungulia mlango. Alikuwa amebeba magongo mawili ya mbao.

"Yalikuwa ya marehemu mke wangu," alimwambia Mama. "Kanuni hazisemi kitu kuhusu magongo." Akauliza kama kijana anaweza kukunja goti, kidogo hata. Ni mtu wa kwanza wa lile benchi kuuliza. Kisha akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. "Nilisema lililo sahihi, Mama," akasema.

"Najua, Mwalimu," Mama alimjibu. "Kila mtu kasema lililo sahihi."

Mei 3, Jumamosi

Chuo kimechukua kombe. Watu walikimbia mtaani kwenye mvua bila mashati. Nahodha alivaa fulana ya Kaka juu ya yake, na benchi lilisema huo ndio utu.

Mei 5, Jumatatu

Msimu wa mpira umekwisha, na saluni ni tupu. Waliokuja leo wanne wamekuja kunyoa. Mjomba alisogeza kopo mbele zaidi. Fundi Saa ameweka kitu. Mjomba hakuniambia kiasi gani, ila aliligeuza kopo ili nisione ndani.

Mei 10, Jumamosi

Wiki tatu zimetimia leo. Tulikwenda na tulichokusanya, tukaomba wapokee nusu. Daktari alilishika goti, akalizungusha, Kaka akauma shati lake. Kilichokatika kimejikunja. Sasa hata wakipasua ni ili atembee vizuri. Kucheza, hapana.

"Hata mpira wa mtaani?" Kaka aliuliza.

Daktari alikuwa anaandika. "Hata wa mtaani."

Mei 12, Jumatatu

Chuo kimemwandikia Kaka. Nafasi yake ilikuwa ya michezo, na kwa kuwa hachezi, kuanzia muhula ujao atalipa ada kama wengine. Karatasi imemtakia kila la heri. Amerudi nyumbani na godoro lake.

Mama alipotoka kupeleka sare, nilikaa karibu na Kaka nikamwambia. Neno lenyewe, mistari miwili ya kamusi, mwezi mzima niliokaa kimya. Nilikuwa nimeyapanga kwa siku nyingi, lakini yalitoka shaghalabaghala.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa analitazama goti.

"Unataka nikuambie nimekusamehe?" alisema.

"Sijui."

"Mimi pia sikuisoma. Nilikuwa na haraka ya basi. Nikianza kukuchukia itabidi nijichukie na mimi, na nyumba yenyewe vyumba viwili, tutapishana wapi?" Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Usiniambie tena jambo hili. Kamwe. Na unizimie taa."

Ilikuwa mchana. Taa haikuwa imewashwa. Nilibonyeza swichi hata hivyo, nikaibonyeza tena.

Mei 15, Alhamisi

Manyunyu. Kaka hakutoka kitandani.

Mei 19, Jumatatu

Mjomba aliamua Kaka aje akae saluni, kwamba kukaa ndani kunaozesha akili. Alikuja kwa magongo ya Mwalimu. Kumbe habari ilishatangulia, benchi lilijaa.

"Kiberiti! Mwenyewe huyu! Mpisheni, mpisheni!"

Walimpa nafasi ya katikati. Wakawa wanatazama viatu vyao. Halafu Fundi Saa akatoa simu. "Shahidi mkuu kafika. Leo kesi inaamuliwa."

"Fundi, acha," alisema Mwalimu.

"Niache nini? Unaogopa kushindwa? Kiberiti, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo," alisema Kaka, na wote wakacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili, kwa kupata nafuu.

"Basi sema. Ndani au nje?"

Kaka aliishika simu. Aliiangalia yote, tangu anapokea mpira. Sikuwahi kumwona akijiangalia. Ilipofika pale, sisi wengine tuliangalia kando, yeye hakuangalia kando.

"Nje," alisema. "Mguu wangu ulikuwa nje ya boksi."

Makelele yaliyotokea! Fundi Saa alijipiga kwenye paji la uso mpaka lenzi ikadondoka. Walikuwa wamewekeana dau la soda, akanunua soda za benchi zima, na Kaka akapewa ya kwanza. Mwalimu alikuwa ameshinda, lakini ya kwake hakuifungua. Kisha wakamuuliza Kaka kuhusu mshika kibendera, kuhusu viatu vya meno marefu kwenye tope, kama yule beki alistahili kadi nyekundu. Alijibu yote. Kuna mahali alimkatiza Fundi Saa na kupandisha sauti, akapanga vitana na chupa ya spiriti kuonyesha mabeki walivyosimama. Alikuwa anacheka. Kama ningeingia wakati ule nikiwa mgeni, ningemhesabu kuwa mmoja wao, mtu wa siku zote.

Tulirudi nyumbani polepole, yeye akichagua pa kuweka magongo kati ya madimbwi.

"Ilikuwa ndani," alisema. "Hatua nzima ndani."

"Kwa nini umesema nje?"

"Ili waache kuiangalia."

Mei 20, Jumanne

Leo haijanyesha. Nimeanika taulo zote na zimekauka.

Fundi Saa amepata video nyingine, iliyochukuliwa na mtu aliyekuwa upande wa pili wa uwanja. Hii mstari wa boksi unaonekana vizuri zaidi. Wameanza kuiangalia tangu asubuhi. Kaka amesogezewa kiti mbele, karibu kabisa na simu, kwa heshima.